Mwanamke Kwenye Kiti cha Aaron

Kwa miezi kumi na moja Kunda hakuwa amekalia kiti. Alikaa mkekani. Alikula mkekani, alichuja kinywaji chake cha munkoyo mkekani, alipokea pole za watu mkekani, na wageni walipokwisha alibaki palepale barazani, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, akiutazama mtaa wa Kampemba kutoka chini. Ukikaa chini unaona magoti ya watu kabla ya nyuso zao. Kunda alikuwa amejifunza kuwatambua majirani kwa magoti: haya ya Nono, yaliyong'aa kwa mafuta, haya ya muuza makaa, meusi na yenye makovu, haya ya shemeji yake Bwalya, yaliyofunikwa na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata kama kisu.

Zamani alikuwa mwanamke wa kusimama. Alizaliwa kando ya mto Lufira, akaletwa mjini akiwa na miaka kumi na minane kuolewa na Aaron, mfanyakazi wa tanuru la shaba. Aaron aliamka na honi ya kiwanda, akala na honi, akarudi na honi. Kunda hakuwa na honi. Aliamka kabla yake, akachemsha uji wa mahindi, akatia mizizi iliyopondwa, akaacha kitu hicho kilale na kichachuke taratibu, na kesho yake akazunguka na ndoo kichwani akiuza munkoyo kutoka lango la kiwanda hadi sokoni. Kwa njia hiyo walijenga nyumba. Udongo waliuchimba kwenye kichuguu, matofali wakayachoma wenyewe. Nusu ya matofali yale ilitoka kwenye tanuru la shaba na nusu ikatoka kwenye ndoo ya munkoyo, na hakuna fundi ambaye angeweza kusimama mbele ya ukuta na kusema hili ni la Aaron, hili ni la Kunda.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na moja. Askari waliochoka kusubiri mishahara walivunja maduka, na watu waliochoka kusubiri kila kitu wakawafuata. Kwa siku mbili mji mzima ulibeba vitu vichwani: magodoro, mabati, vioo vya saluni, mlango mmoja usio na nyumba. Siku ya tatu hapakuwa na kitu cha kubeba wala cha kununua. Wazungu wa mtaa wa Golf waliondoka na ndege. Honi ya kiwanda ilianza kulia siku moja na kunyamaza mbili, kama mzee anayesahau anachotaka kusema. Mwezi mmoja baadaye kifua cha Aaron kilifunga. Hospitalini kulikuwa na vitanda na hakukuwa na dawa. Alikufa Jumanne, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Kunda, mzito kama chuma kilichopoa.

Ndugu zake walikuja kwenye kilio kutoka Kasenga, upande wa Luapula. Walilia vizuri. Walipomaliza kulia walibeba kitanda, redio, friji, viatu vya marehemu na mapazia ya dirishani. Walichoacha kilikuwa kitu kimoja tu: kiti cha Aaron.

Kilikuwa kiti kizito cha mninga chenye mikono mipana, alichokiunda yeye mwenyewe kwa Jumapili nyingi. Mkono wa kulia ulikuwa na bonde dogo mwishoni, mahali kidole gumba cha Aaron kilipokuwa kikisugua kila jioni alipongoja chakula. Hawakukiacha kwa huruma. Katika ukoo wao, mtu akifa, kiti chake hufunikwa kitambaa cheusi na kusubiri mwaka umalizike. Siku ya kumaliza kilio, mrithi hukikalia mbele ya watu. Anayekikalia kwanza anapokea vyote: jina la marehemu, nyumba yake, watoto wake na mke wake. Mjane naye hukaa chini mpaka siku hiyo, na hasimami kama mwanamke huru wala kama mke wa mtu mpaka ainuliwe.

Mrithi alijulikana. Bwalya, mdogo wa Aaron, alikuwa dereva wa lori lisilokuwepo tena, mume wa wanawake wawili walioishi katika vyumba viwili vya kupanga. Alikuja kila Jumapili baada ya misa. Hakuleta unga wala chumvi. Aliingia ndani, akainua pembe ya kitambaa cheusi na kuchungulia, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

"Mulamu," Bwalya alimwita shemeji yake kutoka ndani, "kiti yangu iko bien?"

"Iko," alijibu Kunda mkekani. "Haina miguu ya kukimbia."

"Iko na mine."

"Njo vile nasema. Haikimbie. Ingekuwa na akili ingekimbia."

Bwalya alicheka, kwa sababu alidhani mwanamke anayetania ameshakubali. Benita, binti wa Kunda mwenye miaka kumi na tisa, hakucheka. Usiku alimuuliza mama yake: atakapokuja kukaa, sisi tutalala wapi? Kunda alijua jibu. Akikubali, atakuwa mke wa tatu katika nyumba aliyoijenga. Akikataa, atatoka langoni na mkeka wake chini ya kwapa, na binti yake nyuma, katika mji ambao kila wiki treni iliondoka imejaa majirani waliofukuzwa kwa sababu ya mahali babu zao walikozaliwa. Mwezi Septemba ulikwisha. Zilibaki wiki nne.

Asubuhi moja yalitokea magoti ambayo hakuyatambua mara moja, kwa sababu yalikuwa na rangi: buluu kwenye goti moja, manjano kwenye lingine. Akainua macho. Alikuwa Godefroid, mchoraji wa nyumba ya nne, mwembamba kama ufito. Zamani alichora ndege na swala kwa ajili ya kuta za Golf. Wanunuzi walipoondoka na ndege aliendelea kuchora swala miezi mitatu, kisha akaacha.

"Jambo, Mama Benita. Uko na mufuko ya bunga yenye haina kitu?"

"Iko. Unataka kuweka nini mule? Bunga haipatikane."

"Sitaki kuweka kitu ndani. Nataka kuchora juu yake. Turubai iliisha."

"Sasa unachora nani? Bazungu balienda."

"Sijui bado. Muntu yeyote mwenye anaweza kukaa kimya."

Kunda alimtazama. "Kukaa kimya? Ile kazi, miye niko mwalimu wake."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa mzaha. Godefroid alifumua mfuko wa unga, akaupigilia kwenye fremu ya mbao za sanduku, akaupaka uji wa muhogo ili nyuzi zishikane, akaungoja ukauke juani. Kesho yake alirudi na vikopo vyake. Rangi nyekundu aliipata kwa kusaga tofali. Ya kijani aliipata kwa kuponda jiwe la malakiti ambalo zamani angewauzia watalii. Aliangalia mwanga, akaangalia mkeka, akatikisa kichwa. Kivuli cha ukuta wa baraza kilimkata Kunda kifuani.

"Pale chini jua haikufikie, Mama. Ngoja nilete kiti."

Akaingia ndani kabla hajajibiwa. Godefroid alikuwa Mluba wa Malemba, na kwao kiti ni kiti. Katika nyumba nzima alikuta kimoja. Akavuta kitambaa cheusi, akakikunja vizuri kama mtu aliyelelewa, akakiweka dirishani, akakokota kiti cha Aaron mpaka barazani. Miguu ya mninga ilipiga kelele kwenye saruji.

"Voilà," alisema. "Kaa hapa."

Kunda alikitazama kile kiti. Aliona bonde la kidole gumba. Palikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa fupi, mtoto angeweza kulisema: hapana, hiki hakikaliwi. Alilifungua mdomoni na kulifunga. Mtaani alipita muuza makaa, na kutoka mbali, kwa mara ya kwanza wiki ile, honi ya kiwanda ililia. Kunda akashika nguzo ya baraza, akainuka, magoti yakalia kama milango, akakaa.

Alikaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, maana hakujua namna nyingine ya kutazamwa. Kidevu juu, masikio nje ya kitambaa cha kichwa, macho wazi bila kupepesa. Alishikilia pumzi. Godefroid alichora mstari wa kwanza, wa pili, akainua kichwa na kumkuta anageuka rangi.

"Mama! Unaweza kupumua! Haiko foto ya karte!"

Pumzi ikamtoka Kunda pamoja na kicheko, na kicheko hicho, ambacho hakikuwa kimetoka tangu Aaron azikwe, kilimtisha. Alitazama langoni, asije akasikika. Mkono wake wa kulia ukashika mwisho wa mkono wa kiti, kidole gumba kikaingia bondeni.

"Pale," alisema Godefroid taratibu. "Usiutoe ule mukono."

Alikaa asubuhi saba. Kila alipomaliza alirudi mkekani, na Godefroid alirudisha kiti chini ya kitambaa chake, maana ndivyo alivyokikuta. Hawakuongea sana. Mara nyingine Godefroid aliuliza jambo kama, "Ulikuwa unafikiri nini sasa hivi?" na Kunda akajibu, "Munkoyo," hata kama hakuwa akifikiri munkoyo. Jakaranda za barabarani zilianza kumwaga maua. Joto lilipanda. Asubuhi ya saba mchoraji aliweka brashi chini na kugeuza picha.

Kunda aliitazama kwa muda mrefu.

Ilikuwa yeye na haikuwa yeye. Uso ulikuwa umegawanyika katikati: upande mmoja kijani cha malakiti, upande mwingine wekundu wa tofali, na pua ilipita kati kama mpaka wa mashamba mawili yenye ugomvi. Jicho moja lilimtazama anayetazama. Jingine lilitazama langoni. Sakafu ya baraza haikulala chini bali ilipanda kama ukuta, hata kiti kilionekana kinataka kummwaga mwanamke nje ya picha, na mikono ya kiti ilikuwa mirefu kuliko haki, ikimzunguka kama mtu anayekumbatia au anayekamata. Mkono wa kushoto ulilala pajani, wazi, kama wa mtu anayepokea majivu. Lakini wa kulia! Wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko kichwa. Umeushika mwisho wa kiti, mishipa imesimama, vifundo vyeupe.

"Ule muntu," aliuliza Kunda mwishowe, "anakaa ao anasimama?"

Godefroid alijikuna shingo. "Miye sijui, Mama. Nilichora kile mukono yako ilikuwa inafanya."

Nono alikuwa amefika kuomba chumvi. Aliona picha kwanza, akapiga makofi.

"Mama yangu! Uso gani hii? Upande mumoja anaenda sokoni, upande mwingine anarudi! Artiste, rangi ilikuishia ao macho?" Kisha akakiona kiti, kipo nje kwenye jua, bila kitambaa. Kicheko kikakatika. Alimtazama Kunda, akamtazama Godefroid. "Artiste. Unajua umefanya nini?"

Hakujua. Nono alimweleza pale pale, kwa sauti ya chini na kwa mikono mingi. Godefroid alikaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyekatwa miguu. Mara akainuka, akashika kikopo cha rangi ya udongo.

"Nitaifunika. Mama Benita, nitachora mukeka juu ya kiti. Hata saa moja haiishe. Miguu nitainyoosha, hivi, na hakuna muntu atajua. Nono hatasema."

"Miye? Kaburi," alisema Nono, ambaye hakuwa kaburi.

Brashi ilikuwa imeshalowa. Tone moja la udongo lilining'inia kwenye ncha yake. Kunda aliliangalia lile tone na akaona kila kitu kitakavyokuwa kikifunikwa: mkeka, miguu iliyonyooshwa, mjane mzuri, mtiifu, aliyechorwa vizuri. Bwalya angeipenda picha hiyo. Angeitundika ukutani juu ya kiti chake.

"Acha," alisema.

"Mama, batakufukuza."

"Nimesema acha. Weye ulikosea, Godefroid, kwa sababu hukujua. Miye nilijua na nilikaa. Asubuhi saba. Usifute kitu yangu."

Alisema hivyo kwa uthabiti. Lakini usiku alilala na picha imegeuzwa ukutani, kwa kuwa hakuweza kuvumilia jicho lile lililotazama lango.

Wiki tatu zilipita kwa namna hiyo. Jumapili Bwalya alikuja, akachungulia kiti chake, akagonga ubao na vidole kuona kama kina wadudu. Mara ya mwisho alileta futi ya kupimia akapima chumba cha kulala.

"Mulamu, dirisha hii tutaiziba. Inaleta vumbi."

"Dirisha ile niliiweka miye na Aaron."

"Ee, na miye nitaiziba," alisema Bwalya kwa furaha.

Siku ya kumaliza kilio jua lilikuwa kali na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yakijikusanya upande wa kilima cheusi cha taka za kiwanda. Ukoo ulijaza uwanja. Watu walikaa kwenye matofali, kwenye madumu, kwenye benchi la kanisa lililoazimwa. Munkoyo aliupika Kunda mwenyewe, ndoo nne, na ulikuwa mtamu. Hakutaka mtu aseme aliwanywesha uchungu. Katikati ya baraza kilikuwa kiti chini ya kitambaa. Kando yake, mkekani, Kunda. Upande wa pili alikaa Virginie, dada mkubwa wa Aaron, aliyesafiri siku mbili juu ya lori la samaki kutoka Kasenga. Katika ukoo ule damu hufuata mama, na mwanamke mkubwa ndiye mwenye neno la mwisho. Virginie alikuwa mfupi, macho yake yameanza kufifia, na katika pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni alikuwa amefunga ushanga mmoja mweupe. Ule ndio humfungulia mjane kilio.

Sala ilisomwa. Jina la Aaron lilitajwa mara tatu. Bwalya alisimama. Alivaa koti. Aliondoa kitambaa cheusi kwa vidole viwili kama mtu anayefunua keki, akageuka, akavuta suruali magotini ili pasi isivunjike, akaanza kuinama.

"Mulamu, ngoja," alisema Kunda.

Bwalya alibaki ameinama nusu. Mtu fulani alicheka.

Kunda hakuinuliwa na mtu. Aliweka kiganja sakafuni, akaweka kingine ukutani, akasimama, na uwanja mzima ukavuta pumzi, maana mjane hasimami kabla ya kuinuliwa. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa ameikumbatia picha, imemfunika kutoka kidevuni hadi magotini, hata ilionekana kama uso ule wa kijani na tofali unatembea wenyewe. Akaiegemeza kwenye kiti, ikiwatazama watu.

Kwanza ilikuwa minong'ono, kisha maneno.

"Ni kinyonga?"

"Iko na homa, angalia kijani ile."

"Muntu wa vile huwezi kumuomba chumvi, utajibiwa mara mbili!"

"Ni kitu gani hii?" Bwalya aliuliza. Alikuwa amenyooka sasa. "Tuko mu kilio, unatuletea masanamu?"

"Angalieni kiti," alisema Kunda. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Musiangalie uso. Angalieni kiti."

Mzee mmoja aliyemfahamu Aaron kazini alisogea. Akaangalia kiti cha mninga, akaangalia kiti cha rangi. Kile cha picha kilikuwa kirefu na kimepindapinda, lakini mwishoni mwa mkono wa kulia, pale kidole gumba cha mwanamke kilipozama, palikuwa na bonde.

"Ni ya Aaron," alisema mzee. "Huyu mama alikaa juu yake."

Uwanja ukalipuka. Wengine walisema laana, wengine walisema uongo wa mchoraji. Bwalya alipaza sauti juu ya wote: "Munaona? Amevunja kilio! Hata mukeka hastahili! Atoke leo!"

"Nyamaza," alisema Virginie. Hakupaza sauti; watu wa kwao hawakuhitaji apaze. "Kunda. Ni kweli?"

"Ni kweli, yaya," alijibu Kunda, akimwita kama dada mkubwa. "Artiste alileta kiti, hakujua desturi. Miye nilijua. Nilikaa asubuhi saba, mutaa wote inapita."

"Miye niliona kwa macho yangu!" Nono alipiga kelele kutoka langoni, na hapo kaburi lilifunguka rasmi.

"Sababu gani ulikaa?"

Kunda alitaka kusema mengi. Matofali ya kichuguu, ndoo, Benita, dirisha. Alichosema ni hiki: "Magoti ya bantu, yaya. Nilichoka kuona magoti."

Bwalya alicheka kwa hasira, akawageukia wanaume. "Basi mumesikia. Wa kwanza kukaa njo murizi, alors muke amerizi bwana yake! Sasa atajioa mwenyewe? Atajiletea chakula na kujifokea chumvi haitoshi?"

Watu walicheka, hata waliokuwa upande wa Kunda, na kwa kitambo kidogo mambo yalitaka kuanguka upande wa kicheko hicho. Virginie hakucheka. Alikuwa ameinuka. Kwa kuwa macho yake hayakuona mbali, alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai. Hakuangalia uso. Alinyoosha kidole na kuugusa ule mkono wa kulia, mkubwa, wenye vifundo vyeupe. Akapitisha kidole juu ya kila mshipa.

"Miye nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili," alisema, bado akiupa uwanja mgongo. "Bwana yangu alizama mu Luapula. Balileta kiti yake. Mudogo wake akakaa, na bakaniinua kwenye mukeka, bakaniweka pembeni yake. Bote balikuwa banaimba. Miye nilishika kiti kwa nyuma, hivi, kusudi nisianguke, ao kusudi nisikimbie. Hata leo sijui. Hakuna muntu aliona. Nani amechora huu mukono wangu?"

Langoni, nyuma ya Nono, Godefroid alikuwa amesimama na mikono yake ya rangi kifuani, naye alikuwa ndiye sasa anayeshikilia pumzi.

Virginie aligeuka.

"Desturi ya mama yetu inasema muntu wa kwanza. Haikusema mwenye ndevu."

"Yaya!" alisema Bwalya.

"Bwalya, mudogo wangu. Kwako kuko viti ngapi?"

"Yaya, ile haiko—"

"Ngapi?"

"Moja."

"Na mabibi?"

"Babili."

"Banakaa wapi?"

Bwalya alitazama viatu vyake. Kutoka kwenye madumu, upande wa wanawake, mtu alianza kupiga kigelegele na kukimeza, asije akaonekana amewahi.

"Nunua viti, kwanza," alisema Virginie. "Halafu utakuja kuomba bibi."

Kigelegele kile kilichomezwa kikatoka, kikafuatwa na cha pili na cha tano, na Benita, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji bila kujua kwa nini ameishika, aliimwaga yote miguuni mwake.

Virginie alifungua pindo la kikwembe. Alipotia ushanga kwenye uzi, Kunda alimsaidia kutafuta tundu, maana macho ya mzee hayakuliona. Ushanga mweupe ukafungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule ule.

"Jina la Aaron linabaki mu nyumba hii," alisema Virginie kwa sauti ya watu wote. "Benita ni mutoto wetu, na lupangu, uwanja na nyumba, ni ya huyu mama mwenye aliichimbia udongo. Sasa kaa."

Kunda aliitoa picha kwenye kiti, akaiegemeza ukutani. Akageuka. Aliwaona wote kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima: nyuso, si magoti. Akakaa. Kidole gumba kilikwenda chenyewe bondeni, na palikuwa na joto, kwa sababu jua lilikuwa limekipiga kiti tangu asubuhi.

"Mama," sauti ilitoka langoni, "pumua!"

Akapumua. Uwanja ukacheka, na yeye akacheka nao, kwa sauti, bila kutazama lango.

"Nikikuja hapa, utanipisha hii kiti?" aliuliza Virginie, akinywa munkoyo wake.

"Nitakupisha, yaya. Lakini utaomba."

"Sikiliza huyu!" alisema Virginie, akamgonga bega, akaomba kikombe cha pili.

Bwalya hakuondoka mara moja. Alikunywa vikombe vitatu akiwa amesimama, halafu mvua ya kwanza ilipoanza kudondoka, matone makubwa, machache, yenye harufu ya vumbi, alivua koti lake zuri na kuifunika ile picha aliyoiita sanamu, kwa kuwa rangi ya uji wa muhogo haipendi maji na mtu wa ukoo ni mtu wa ukoo. Kisha akaisaidia kuingia ndani.

Miaka mibaya haikuisha siku hiyo. Honi ilinyamaza kabisa, pesa zikabadilika majina, watu wakaendelea kuondoka. Lakini pale Kampemba, barazani, kulikuwa na mwanamke aliyeuza munkoyo akiwa amekaa, na aliyetaka kunywa alimjia yeye. Picha ilitundikwa mahali redio ilipokuwa. Wageni waliuliza kila mara swali lile lile: huyu mama, anakaa au anasimama? Kunda aliitazama kila mara kana kwamba analisikia swali kwa mara ya kwanza, akachota kikombe, akakifuta ukingo kwa kidole, akampa mgeni.

"Inategemea siku," alisema.

Na Nono, aliyekuwa hapo daima kuomba chumvi, aliongeza kwamba yeye pia ameshamwambia Godefroid amchore, ila kwa rangi moja, na magoti yake yaonekane.